Wino mmoja, kalamu nne: ipi inafaa kwa kaye na hewa ya Lubumbashi

Mtu akitaka kuacha biki na kuanza kuandika kwa kalamu ya wino, swali lake la kwanza huwa ni hili: wino gani mzuri? Mimi humrudishia swali: utautia katika kalamu gani? Wino wa chupa moja hutoka mweusi katika kalamu hii na kijivu katika ile. Huku unakauka kabla hujafungua ukurasa, kule unachafua kiganja. Ukisoma sifa za wino bila kujua ulijaribiwa katika kalamu gani, hujasoma kitu.

Kwa hiyo hapa nimeacha wino uwe mmoja tu, nikabadilisha kalamu. Ninawaandikia wale wanaoandika Lubumbashi: kwenye kaye (madaftari) za dukani, karatasi za fotokopi, bulteni za shule (ripoti za pointi za wanafunzi), na katika hewa ambayo Agosti inapasua midomo na Januari inalegeza karatasi.

Wino niliochagua ni Pelikan 4001, ule wa buluu-nyeusi, chupa ya mililita 62.5 iliyokuja na ndugu kutoka Ubelgiji. Sisemi kwamba unashinda wino zote. Nimeuchagua kwa kuwa una tabia kali, na tabia hiyo inafichua tofauti za kalamu upesi. Ni wino wa chuma. Ndani yake mna chumvi ya chuma pamoja na asidi za namna ile iliyokuwa ikitolewa zamani kwenye vinundu vya mti wa mwaloni. Wino wa aina hii ndio ulioandika vitabu na hati za Ulaya kwa karne nyingi, ingawa ule wa siku hizi ni mpole zaidi. Unapoandika unaona buluu, nayo ni rangi iliyoongezwa ili uone unachoandika. Baadaye chuma kinakutana na hewa, kinageuka kuwa cheusi na kushika nyuzi za karatasi. Mstari wa asubuhi unakuwa mwingine jioni. Ukimwagia maji kesho yake, buluu inaondoka, lakini maandishi ya kijivu cheusi yanabaki na yanasomeka. Ndugu yake, buluu ya kawaida ya wanafunzi inayouzwa kwa jina lile lile la 4001, akimwagiwa maji anakwenda nayo, na kalamu ya kufutia wino inamfuta bila shida.

Tabia ya pili ni uchoyo. Wino huu hautoki kwa wingi. Hilo linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndipo mambo yote yanapoanzia.

Kalamu ya wino haisukumi kitu. Wino unavutwa wenyewe na ufa mwembamba wa nibu, yaani ile ncha ya metali inayoandika, na mfereji ulio katika ule ulimi wa plastiki nyeusi chini ya nibu, na kila kiasi kinachotoka lazima hewa iingie nyuma yake kuchukua nafasi. Mfereji ukiwa mkubwa na ufa ukiwa wazi, wino unakuja kwa ukarimu. Vikibana, unakuja kwa shida. Vile vijimeno unavyoviona kwenye ulimi vinashika wino wa ziada usidondoke. Kwa hiyo kuna kalamu karimu na kalamu zenye uchoyo, kama ilivyo kwa wino, na kazi yote ya kuchagua ni kuoanisha. Wino mchoyo ndani ya kalamu yenye uchoyo ni mstari mfu. Wino karimu ndani ya kalamu karimu ni madoa upande wa pili wa karatasi.

Kabla ya kujaribu, kila kalamu niliiosha mpaka maji yakatoka meupe, nikaiacha ikauke kabisa. Usiruke hatua hii ukitaka kufanya jaribio lako nyumbani. Maji kidogo yakibaki ndani ya ulimi, ukurasa wa kwanza na wa pili utakuwa hafifu na utaulaumu wino bure. Sentensi nayo ni moja: «Anapanda darasa.» Karatasi ni tatu: kaye nyembamba ya dukani, karatasi ya fotokopi ya gramu 80, na kaye ya Clairefontaine ya gramu 90, ambayo ni laini hadi kidole kinateleza. Nikasugua maandishi kwa kidole, nikadondosha maji, nikaacha nibu wazi huku nikiongea na watu, nikazilaza kalamu zikiwa zimefungwa.

Lamy Safari, nibu ya M (upana wa kati)

Safari iko sokoni tangu 1980, na wengi wanaoanza huanzia hapa. Mwili ni wa plastiki ngumu, kishikio kina pande bapa zinazopanga vidole vyenyewe, na ubavuni kuna dirisha la kuona wino uliobaki. Nibu yake ya chuma cha pua inachomolewa kwa kuvuta tu, ukaweka nyingine nyembamba au pana. Ulaya inauzwa kwa euro ishirini na kitu. Angalia jambo moja kabla ya kulipa: mara nyingi inakuja na katriji yake tu (kile kichupa cha wino kilichojazwa tayari), na katriji hiyo ni ya Lamy peke yake. Ukitaka kutumia wino wa chupa, kifyonzi, yaani kifaa cha kunyonya wino kutoka kwenye chupa, kinanunuliwa kando. Mwagizie mtu vyote viwili pamoja, la sivyo utakaa na kalamu nzuri na chupa nzuri zisizokutana.

Wino wetu ndani ya Safari hii unatoka buluu iliyoshiba, mpana, bila kusitasita. Ukiangalia kwa karibu, herufi moja ina rangi mbili: «a» inaanza kijivu, na pale mkono unaposimama kabla ya kuinuka, mkiani, wino umekusanyika na kuwa mweusi. Jioni ukurasa wote umekolea, umekuwa kama mawingu ya Desemba juu ya Kampemba. Kwenye karatasi laini ni raha tupu. Kwenye fotokopi mstari unapanuka kidogo, lakini kingo zinabaki safi. Kwenye kaye ya dukani unaona kivuli upande wa pili, ila bado unaweza kuandika pande zote mbili, na hilo ni sifa ya wino: wino mwingi wa rangi kali, katika nibu hii hii, ungetoboa hadi ukurasa wa tatu.

Kukauka ni kwa wastani. Kama unaandika kwa mkono wa kushoto, Clairefontaine itakuchafua, kwa kuwa karatasi hiyo hainywi haraka. Kaye ya dukani inakunywa mara moja. Ndiyo faida pekee ya karatasi mbaya, na tuichukue.

Platinum Preppy, nibu ya 03

Hii ni ya Kijapani, ya bei ya chini, mwili wake wote unaonyesha ndani. Nibu za Japani ni nyembamba kuliko za Ulaya hata zikiandikwa herufi ile ile, na 03 ni nyembamba kwelikweli. Ndani ya kifuniko mna kikombe kidogo chenye springi kinachokuja kukaa juu ya nibu unapofunga. Mtengenezaji anasema wino unaweza kukaa humo hadi mwaka mzima bila kukauka. Sina haja ya mwaka mzima. Ninahitaji likizo ya Julai na Agosti, na kwa hiyo inatosha.

Lakini hapa wino wetu ulipoteza uzuri. Mchoyo amekutana na mchoyo. Mstari ni mwembamba, buluu ya kijivu, na mkono unahisi karatasi. Mtu aliyenunua wino wa buluu-nyeusi kwa ajili ya ule weusi wa heshima ataangalia ukurasa huu na kuuliza pesa yake imekwenda wapi. Baada ya saa kadhaa unakolea kiasi cha kusomeka vizuri, lakini ule mchezo wa rangi mbili ndani ya herufi moja haupo.

Sasa fungua bulteni, zile zenye vijisanduku vya pointi ambavyo aliyevichora hakufikiria mkono wa binadamu. Hapo Preppy inakuwa bwana. 7 haigusani na 1, sifuri inabaki na tundu lake, na unapoinua mkono wino umeshakauka. Kaye mbaya kuliko zote unaiandika pande zote mbili kana kwamba ni karatasi ya gharama. Kwa mwanafunzi wa chuo anayejaza kurasa kule Kasapa huku profesa haachi kusema, hii ndiyo ningempa, na ningebadilisha wino badala ya kalamu: buluu ya Waterman, ambayo inatiririka vizuri, inaamka ndani yake na kuwa rangi kamili.

Katriji ya Platinum ni ya kwake peke yake pia. Ina kipira kidogo ndani, kile unachokisikia kikigonga ukitikisa. Ikiisha usiitupe: ijaze tena kutoka kwenye chupa kwa sindano mpya ya famasi, taratibu, ukiacha hewa kidogo juu. Wako wanaojaza mwili mzima wa kalamu kwa wino, bila katriji, wakifunga kwa mpira na grisi ya silikoni. Inawezekana. Ila joto la mkono likipasha ile hewa nyingi iliyo ndani, hewa inatanuka na kusukuma tone nje, na tone halichagui pa kuangukia. Mimi siweki.

Parker 45

Wazee wengi waliofanya kazi ya ukarani au ualimu katika mji huu wanaijua. Parker ilianza kuiuza 1960, na ya kwangu ni ya baba, aliyekuwa karani Gécamines, kampuni ya madini. Nibu yake ni ndogo, sehemu kubwa imefunikwa na mwili, inachungulia kidogo tu. Inafunguliwa kwa kuzungushwa, pamoja na ulimi wake, ukaiosha na kuirudisha. Jambo la kushangaza kwa kitu cha umri huo ni kwamba katriji na vifyonzi vya Parker vinavyouzwa leo bado vinaingia.

Humu ndimo wino wetu unapoonekana kuwa nyumbani. Mstari si mpana, uko kati ya Preppy na Safari, lakini kwa upana wake ndio mweusi kuliko yote. Hakuna mwanzo hafifu wala mkia uliokusanya wino. Rangi ni moja tangu herufi ya kwanza hadi nukta. Nibu ikiwa imefichwa, hewa inaifikia kwa shida, kwa hiyo unaweza kuiacha wazi, ukamsikiliza mzazi mmoja akieleza kwa nini mtoto hakuja shule wiki nzima, ukarudi na ikaandika bila kusugua. Ya kwangu ina nibu ya dhahabu, na dhahabu haijali asidi ya wino wa chuma. Chuma cha pua kinavumilia pia, mradi kalamu haiachwi na wino uleule ndani ikasahauliwa.

Kwa sahihi sijapata nyingine ya kushinda hii. Papa Prefe, mkuu wetu wa shule, nilipompelekea bulteni, aliinamia karatasi akauliza:

«Mwalimu, hii si biki?»

«Si biki, Papa Prefe. Ni wino wenyewe. Uipe dakika moja kabla ya muhuri.»

Dakika hiyo si heshima tu. Muhuri ukigongwa juu ya sahihi mbichi, wino mbili zinachanganyika na jina linakuwa doa la zambarau. Ukisubiri kidogo, muhuri unakaa juu na sahihi inabaki chini, kila moja mahali pake.

Je, nakushauri uitafute? Kama iko nyumbani, ndani ya sanduku la nyaraka za mzee, ndiyo, leo hii. Iloweshe sehemu ya mbele katika maji ya kawaida, yasiwe ya moto, ubadilishe maji kila yanapochafuka mpaka wino wa zamani uache kutoka. Lakini kununua kalamu ya zamani kutoka kwa mtu usiyemjua, kwa picha ya simu, ni kucheza kamari, na kwa anayeanza sioni sababu.

Ile ya Kichina, nzito

Siitaji jina, kwa sababu zinakuja kwa majina mengi na zinafanana kama ndugu. Mwili ni wa shaba ya njano iliyopakwa rangi inayong'aa, nibu ni kubwa yenye michoro, kifyonzi kimo ndani tayari, na bei haifiki dola kumi. Madukani mjini utaipata bila kumwagiza mtu yeyote.

Ndani ya hii, buluu ya wanafunzi inafurika. Kila herufi ni dimbwi. Lakini ukiweka wino wetu mchoyo, unaishikisha kalamu adabu. Mstari ni mpana, mweusi wa ndani, na ule mchezo wa rangi ni mzuri kuliko wa Safari; ukimwonyesha mtu kurasa nne bila kumwambia kalamu, atachagua huu. Kwa uzuri wa rangi peke yake, kalamu ya bei ya chini imeshinda zote, na ninaandika hivyo bila haya.

Tatizo ni kifuniko. Hakifungi sawasawa, kinakaa tu. Msimu wa mvua huoni kitu. Ukifika Julai, ukailaza jioni, asubuhi inagoma. Angalia nibu kwa karibu: kwenye ufa pameota ukoko mweusi, mwembamba, unaong'aa kidogo, na ukiupangusa kwa kitambaa chenye maji unaacha alama mbili, buluu pembeni na kijivu katikati. Hapo ndipo wino wa chuma unapotofautiana na wino wa kawaida. Wino wa kawaida ukikauka ndani ya kalamu unaulowesha na unayeyuka tena. Huu ukikauka umeshageuka, na sehemu yake haitaki kuyeyuka. Siku moja si kitu. Mwezi mmoja, ulimi umeziba. Kwa hiyo kalamu inayotoa rangi nzuri kuliko zote ndiyo isiyostahili kuachiwa wino huu kiangazi, labda kama unaandika kila siku bila kukosa.

Na katika kundi hili hakuna mbili zinazofanana. Jirani anaweza kununua ya rangi ileile, duka lilelile, ikaandika vibaya. Ukiwa dukani usione aibu: shika nibu kwenye mwanga uangalie ule ufa. Unatakiwa uonekane mwembamba na kuzidi kujifunga kuelekea ncha. Ukiona mwanga hadi mwisho kabisa, itafurika au itagoma. Igeuze uangalie ncha kwa mbele. Zile pande mbili lazima zikae usawa, moja isiwe juu ya nyingine, la sivyo itakwaruza. Mwuzaji akikubali, ichovye tu kwenye wino na uandike maneno machache. Akikataa, nenda duka la pili.

Ziko pia za Kichina zenye nibu iliyofichwa na mpira wa kubonyeza ndani, umbo la kizamani. Katika hizo wino wetu unafanya kama kwenye Parker 45, rangi hafifu kidogo, na zinastahimili kiangazi vizuri. Kwa aliye na pesa kidogo ni njia nzuri, akikumbuka tu kuzichagua moja moja kwa macho.

Majira yanabadilisha matokeo

Watu wanaolinganisha wino Ulaya hawalisemi hili sana, kwa sababu wanaandika ndani ya nyumba zenye hewa ileile mwaka mzima. Sisi dirisha liko wazi. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ni kavu na vumbi jekundu linaingia kila mahali. Maji ya wino yanaruka kupitia nibu na kifuniko, rangi inabaki, kwa hiyo wino ndani ya kalamu isiyofungwa vizuri unakolea siku hadi siku. Mtu anasema, wino wangu umekuwa mzuri zaidi! Umepungua maji, ndugu yangu, na wiki ijayo utaziba. Chupa nayo ifungwe mara moja baada ya kujaza, na vumbi lisiingie, maana chembe moja ya mchanga kwenye ufa wa nibu inatosha kuharibu ukurasa mzima.

Mvua ikianza, mambo yanageuka. Karatasi inakunywa unyevu wa hewa na kulegea. Kaye ileile iliyokuwa safi mwezi wa nane, mwezi wa kwanza inaanza kuotesha vinyweleo kando ya mistari, na kukauka kunachelewa. Safari ya M iliyokuwa inakubalika kwenye kaye ya dukani wakati wa kiangazi, Januari inakuwa kazi. Ndiyo maana nasema nibu ya F (nyembamba) kwa mtu mwenye kalamu moja tu. Ukiwa na mbili, pana ibaki na karatasi nzuri na majira ya kiangazi, nyembamba ishike darasa.

Ukijaribu kalamu yako mwezi mmoja tu, umeijaribu nusu.

Kuosha, na vitu visivyotakiwa kuingia

Kwa wino huu, osha kila unapokaribia kujaza mara ya tatu au ya nne, hata kama kalamu haijalalamika. Maji ya baridi, kunyonya na kutema kwa kifyonzi mpaka yawe meupe. Kama unajua hutaiandikia kwa wiki kadhaa, mwaga, osha, kausha, weka.

Wino wa Kichina wa kuchorea, ule ambao wanafunzi wa ufundi wanatumia kwenye michoro, hauingii katika kalamu yoyote kati ya hizi. Una gundi inayoganda na haitoki. Wino wa muhuri, vilevile hapana. Wino wa printa, hapana. Chupa zinafanana na mwuzaji atakuambia wino ni wino; mwache aseme.

Safari za ndege nazo zina sheria yake. Ndege ikipanda kutoka Luano, shinikizo la hewa ndani ya ndege linapungua na hewa iliyo ndani ya kalamu inatanuka. Kalamu iliyojaa kabisa haina hewa ya kutanuka, na tupu haina wino wa kumwaga. Ya kuogopa ni ile iliyo nusu. Isimamishe nibu ikiangalia juu, mpaka mshuke.

Nani achukue ipi

Anayeandika sahihi na barua, na mzee wake aliacha Parker 45, hana cha kununua isipokuwa kifyonzi na chupa hii. Anayeanza, mwenye ndugu Ulaya wa kumwagiza, achukue Safari, lakini ya F, na kifyonzi chake. Wino huu utamfaa shuleni na ofisini, kwenye kila kitu kinachoweza kunyeshewa. Mwanafunzi achukue Preppy na asichukue wino huu, achukue buluu karimu. Noti za mwanafunzi zinahitaji kusomeka usiku umeme ukikatika, na mstari wa kijivu mwembamba mbele ya mshumaa ni adhabu. Tena wanafunzi wa sekondari wanapenda kufuta, na huu haufutiki kwa kalamu ya kufutia: jibu ulilokosea unalikata kwa mstari mmoja na mwalimu analiona.

Anayetaka rangi nzuri kwa pesa ndogo, achukue ile nzito ya Kichina, aandike nayo kila siku. Kuanzia Juni aitie wino wa kawaida usio wa chuma na asiache kupangusa nibu jioni. Mvua zikirudi Novemba, aioshe na kurudisha buluu-nyeusi.